Kombe Halilipi Deni: Maoni ya Mpenzi wa Raga Hapa Beni



Juma lililopita nilipita soko la Kilokwa nikiwa nimevaa jezi yangu ya kijani ya Afrika Kusini. Mama mmoja akanisimamisha. Ninamfahamu, ni mmoja wa wale waliokimbia vijiji vya upande wa Mbau, na mpaka leo anaishi na wajukuu wake katika familia ya mapokezi. Kila jioni anasikiliza habari zetu. Alishika mkono wa jezi akaniuliza: "Mtoto wangu wa redio, hawa unaowavaa, si ni inchi ya wale askari waliokuwa hapa nasi tukaendelea kuzika watu? Unawashangilia kwa sababu gani?"

Nilimjibu haraka haraka: "Mama, ule ni mchezo tu." Alinitazama, akatikisa kichwa, akaendelea na safari yake akiwa na kikapu chake cha majani ya mihogo.

Nilipofika nyumbani sikuridhika na jibu langu. Lilikuwa jibu la mtu anayetaka kuondoka. Mama yule aliuliza swali la kweli, na wengi wetu tunalo, hata wale wasiojua raga: je, mtu anaweza kuipenda ekipe ya taifa na kukasirikia serikali wakati mmoja? Na ekipe ikishinda, sisi tulio katika shida tunapata nini? Leo ninataka kumjibu vizuri, na kuwajibu nanyi pia.

Kwanza, niwaeleze wale wasioujua mchezo huu. Raga, ambayo wengi hapa kwetu tunaiita rugby kama Wafaransa, inachezwa na watu 15 kila upande, na mpira wake una umbo la yai. Unaruhusiwa kuubeba mikononi na kukimbia nao, lakini ukitaka kumrushia mwenzako kwa mikono, lazima uurushe kando au nyuma. Mbele utaenda kwa miguu yako au kwa teke. Wapinzani wanakuangusha chini, unaamka, unaanza tena. Niliuona mara ya kwanza mwaka 2007, nikiwa kijana wa sekondari, kwa jirani aliyekuwa na antena ya sahani. Afrika Kusini iliifunga Uingereza 15 kwa 6 katika fainali ya Kombe la Dunia kule Paris. Sikuelewa sheria hata moja, lakini tangu siku ile sijaacha.

Sasa, wako wanaosema: "Siasa isiingie katika michezo." Neno hilo ni zuri kulisikia, lakini kwa ekipe hii halina ukweli. Siasa ilikuwamo tangu zamani. Kwa miaka mingi ya ubaguzi wa rangi, mtu mweusi hakuruhusiwa kuvaa jezi hii ya kijani hata angekuwa na mbio za swala. Jezi hiyo ilikuwa alama ya wenye nguvu. Ndiyo maana mwaka 1981, ekipe ilipotembelea New Zealand, watu wa kule waliingia barabarani na hata ndani ya uwanja kuipinga. Ndiyo maana Afrika Kusini haikucheza Kombe la Dunia la 1987 wala la 1991. Watu weusi wengi wa inchi hiyo walikuwa wakishangilia kila ekipe iliyokuja kucheza dhidi ya hiyo ya kwao.

Halafu ukaja mwaka 1995. Tarehe 24 Juni, Johannesburg, uwanja wa Ellis Park. Nelson Mandela, aliyefungwa miaka 27, aliingia uwanjani akiwa amevaa jezi ile ile, namba 6 mgongoni, namba ya kapiteni François Pienaar. Afrika Kusini ilishinda New Zealand 15 kwa 12 baada ya muda wa nyongeza. Dunia yote ilishangilia. Lakini msisahau jambo moja: katika ekipe ile yote, Chester Williams peke yake ndiye hakuwa mzungu. Kombe lilikuja, furaha ilikuwa ya kweli, lakini asubuhi yake maskini aliamka katika nyumba yake ile ile ya mabati. Mandela alifungua mlango siku ile. Kuingia ndani na kuipanga nyumba ilikuwa kazi ya serikali, na kazi hiyo haifanywi kwa dakika 80 za mchezo.

Baadaye kukazuka mabishano makali ambayo hayajaisha mpaka leo: ni wachezaji weusi wangapi wanapaswa kuwa katika ekipe? Serikali iliweka malengo. Mwaka 2016 waziri wa michezo, Fikile Mbalula, alikataza shirikisho la raga na mengine kadhaa kuomba kuandaa mashindano makubwa ya dunia, kwa sababu hayakufikia malengo hayo. Wakati huo huo ekipe ilikuwa inacheza vibaya. Ilikuwa imefungwa na Japani 34 kwa 32 mwaka 2015. Ikafungwa na Italia mwaka 2016. Septemba 2017, New Zealand iliitandika 57 kwa 0. Wengine wakasema: "Mnaona? Siasa imeharibu ekipe."

Mimi mpenzi wa raga nilikuwa nikisikia maneno hayo na kuuliza: ni siasa gani iliyoharibu? Ile ya kumpa kijana mweusi nafasi, au ile ya miaka mingi ya kumnyima? Mwaka 2018 kocha Rassie Erasmus alishika ekipe, akamchagua Siya Kolisi kuwa kapiteni, mtu mweusi wa kwanza kupewa kazi hiyo katika mechi kubwa za mataifa. Tarehe 2 Novemba 2019, kule Yokohama, Afrika Kusini iliifunga Uingereza 32 kwa 12. Wachezaji 6 kati ya 15 walioanza hawakuwa wazungu. Makazole Mapimpi na Cheslin Kolbe ndio waliopeleka mpira nyuma ya mstari wa wapinzani na kuugusisha chini. Na wale waliosema siasa imeharibu ekipe, siku ile sikuwasikia.

Lakini msisikilize tu sehemu tamu. Kolisi alizaliwa Juni 1991 na kukulia Zwide, mtaa wa watu maskini karibu na mji ulioitwa Port Elizabeth. Alilelewa na nyanya yake, na kuna siku alilala bila kula. Alionekana katika mashindano ya watoto, akapewa bursa ya kusoma shule ya Grey, ambako alipata masomo na chakula cha kila siku, na kiwanja chenye majani. Kipaji alikuwa nacho tayari akiwa Zwide. Kilichobadilika ni sahani ya chakula na nafasi darasani. Sasa niambieni, Zwide ile ilikuwa na watoto wangapi wenye kipaji kama chake ambao hakuna mtu aliyewaona?

Ninauliza hivyo kwa sababu ya watoto wetu. Kila siku ninapita karibu na kiwanja kimoja ambapo watoto waliohama wanacheza na wenyeji. Mpira wao ni masashe yaliyofungwa kwa kamba. Kuna kijana mmoja, nadhani ana miaka 12, anakimbia na kugeuka kiasi kwamba wakubwa wanasimamisha pikipiki kumtazama. Baba yake alikuwa na shamba la kakao, sasa hawezi kulifikia kwa sababu ya ADF. Mwezi uliopita sikumwona kijana yule. Nilipouliza, waliniambia anabeba mizigo sokoni, kwa kuwa shuleni walimrudisha kwa kukosa makaratasi na pesa kidogo. Kinshasa walizaliwa watoto wawili wa raga, Yannick Nyanga aliyeichezea Ufaransa na Madosh Tambwe aliyekulia Afrika Kusini. Wote wawili walikuwa wachezaji katika inchi za mbali. Si lazima mtoto wa Kongo apande ndege ndipo mtu amwone.

Sasa nirudi kwa swali la mama. Anazungumza juu ya askari, na ana haki. Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa uliunda brigedi maalumu ya kupigana na vikundi vyenye silaha huku mashariki. Ilikuwa na askari wa Afrika Kusini, Tanzania na Malawi, na wengi mliwaona hapa Beni. Mwishoni mwa Oktoba 2019 jeshi letu lilianza mashambulizi makubwa dhidi ya ADF. Siku chache baadaye nilikuwa katika kibanda cha kuchaji simu nikishangilia fainali ya Yokohama. Mwezi ule ule wa Novemba, raia wengi waliuawa hapa kwetu. Tarehe 25 Novemba watu wenye hasira waliingia barabarani, ofisi ya meya ikachomwa, na kambi ya MONUSCO ikavamiwa. Jezi yangu ya kijani niliikunja nikaiweka chini ya godoro. Niliona haya kuivaa.

Je, nilikosea kushangilia? Nimefikiri sana juu ya jambo hili, na leo ninasema hapana. Kolisi na wenzake hawakupewa kazi ya kulinda Mbau. Hawakupewa magari ya kivita wala mamlaka ya Umoja wa Mataifa. Waliokuwa na kazi hiyo wanajulikana, na wa kwanza kati yao ni serikali yetu wenyewe. Nikimlaumu mchezaji kwa kazi ya jenerali, ninampa jenerali nafasi ya kupumzika. Na tuwe watu wa haki: Januari 2025 askari 14 wa Afrika Kusini walikufa katika mapigano ya Goma na Sake. Kule kwao pia kuna mama waliopokea majeneza, wakauliza viongozi wao kwa nini watoto wao walipelekwa, na kwa silaha gani. Kule swali lilipelekwa mahali pake, kwa rais na kwa Bunge. Hakuna aliyemwuliza kapiteni wa raga.

Hapo ndipo ninapoona kwamba wakaaji wa Afrika Kusini wametutangulia katika jambo moja. Tarehe 28 Oktoba 2023 ekipe yao ilibeba kombe tena, 12 kwa 11 dhidi ya New Zealand, kule Paris. Lilikuwa kombe la nne, na hakuna inchi nyingine yenye makombe mengi kama hayo. Rais Cyril Ramaphosa alikuwa uwanjani, alipiga picha na kombe, kisha akatangaza tarehe 15 Desemba kuwa siku ya mapumziko kwa inchi nzima. Watu walijaa barabarani kuwapokea wachezaji. Lakini mwaka ule ule umeme ulikuwa unakatika saa nyingi kila siku, na vijana wengi hawakuwa na kazi. Mei 2024 wakapiga kura. Chama cha ANC, kilichokuwa na wingi wa viti bungeni tangu 1994, kilipata asilimia 40 tu, kikalazimika kugawana serikali na wengine. Watu hao hao walioimba barabarani walienda kwenye sanduku la kura na kuandika kitu kingine. Hawakusahau kombe, lakini hawakukubali kombe lifute deni.

Kila mama mwenye duka dogo hapa kwetu anajua jambo hili. Ana daftari la madeni. Mteja akija na nguo nzuri ya harusi, akamchekesha, akamwimbia hata wimbo, mama atacheka naye na kuimba naye. Lakini jina lake linabaki katika daftari mpaka alipe unga aliochukua.

Sisi tunasahau daftari mapema mno. Mnakumbuka Februari 2024, Léopards walipokutana na Côte d'Ivoire katika nusu fainali kule Abidjan. Wakati wa wimbo wa taifa wachezaji wetu walifunika mdomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine wakaweka vidole viwili kwenye kichwa kama bastola. Walikuwa wanasema kwamba watu wa mashariki wanauawa na dunia imenyamaza. Tulifungwa 1 kwa 0, lakini hapa Beni niliona wanaume wazima wakilia kabla mpira haujaanza. Siku tatu baadaye tukakosa nafasi ya tatu kwa penalti, na walioturudisha nyumbani ni Afrika Kusini! Rafiki zangu walinicheka juma zima kwa ajili ya jezi yangu.

Vijana wale walifanya zaidi ya kazi yao, na ninawaheshimu. Lakini tujiulize, baada ya siku ile ni swali gani tulilopeleka kwa wenye kazi? Wanasiasa wengi walirudia ishara ile mbele ya kamera. Mbunge kufunika mdomo ni jambo la ajabu kidogo, ndugu zangu, kwa maana yeye tulimchagua aufungue. Mchezaji hana njia nyingine, ana dakika moja ya wimbo wa taifa. Kiongozi ana ofisi, ana bajeti, ana kikao. Ishara yake ni kazi yake.

Novemba 2025, Léopards walipoiondoa Nigeria kwa penalti kule Rabat, nilishangilia mpaka sauti ikapotea, na asubuhi mwenzangu alisoma habari badala yangu. Usiku ule vijana wa pikipiki walizunguka mji wakipiga honi, na watoto waliohama walicheza pamoja na wenyeji bila mtu kuuliza nani ametoka wapi. Furaha ile msiidharau. Mtu aliyepoteza nyumba ana haki ya kucheka kama mwingine. Wako wanaosema kwamba kushangilia wakati wa maombolezo ni dhambi. Mimi sikubali. Waliotufukuza vijijini walitunyang'anya mashamba, tusiwape na kicheko chetu.

Tena, kuipenda ekipe si kuifumbia macho. Mimi ninaipenda ile ya kijani, lakini Agosti 2025 niliisema vibaya sana. Ilikuwa inaongoza Australia 22 kwa 0, nyumbani, Ellis Park pale pale alipovaa jezi Mandela. Kisha wakaridhika, wakaacha kazi, wakafungwa 38 kwa 22. Nililala bila kula. Lakini angalieni kilichofuata. Kocha hakusema wapinzani walileta uchawi. Alibadilisha watu, wakarudi kazini, na mwezi uliofuata wakaifunga New Zealand 43 kwa 10 huko huko Wellington. Katika raga kosa linaonekana katika ubao wa matokeo, watu wote wanalisoma, na anayekosea anaondolewa au anajirekebisha. Ningependa na sisi tuwe na ubao kama huo kwa barabara, kwa shule, kwa usalama wa mashamba. Kiongozi akiongoza 22 kwa 0 siku ya kampeni, tutazame pia dakika zinazobaki.

Basi, pendekezo langu ni dogo. Mara nyingine kiongozi akija kwetu amevaa jezi ya Léopards, tumpigie makofi, tuimbe naye. Wimbo ukiisha, tumwulize maswali matatu. Moja: njia ya kwenda mashambani itakuwa salama lini, na nani anajibu isipokuwa salama? Mbili: mtoto aliyehama anaingiaje shuleni bila kurudishwa kwa sababu ya makaratasi? Tatu: kiwanja cha watoto kiko wapi, na mpira wa kweli uko wapi? Nendeni na maswali hayo kwenye mikutano ya kata na ya kambi, na mtuletee majibu redioni. Kiongozi akijibu tutasoma jibu lake hewani. Akinyamaza tutasema pia kwamba amenyamaza, na tutataja tarehe.

Na wewe Mama, ninajua unanisikia. Nisamehe kwa jibu la haraka pale sokoni. Ninawashangilia kwa sababu wamenionyesha kwamba mtoto wa nyumba ya mabati akipata chakula na darasa anaweza kuinua inchi yake mbele ya dunia. Siwashangilii badala ya wafu wetu, na kombe lao haliwezi kulipa deni la mtu yeyote hapa. Daftari lako liweke vizuri, Mama. Mimi nitakusaidia kulisoma kwa sauti kila jioni, jezi au bila jezi.

Kuhusu kijana yule wa miaka 12, kesho asubuhi nitaenda na baba yake shuleni. Nitawaambia tulichojibiwa.

Nawatakia usiku wa amani.